Vipimo vya ini vya mwanangu vilikuwa juu miezi minane, kumbe tatizo halikuwa ini

Karatasi ya kwanza ninayo hadi leo. Imekunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo, na namba mbili zimezungushiwa kalamu nyekundu: ALT 246, AST 198. Pembeni imeandikwa kuwa kiwango cha kawaida hakizidi 40.

Mwanangu alikuwa na miaka minne na mwezi mmoja. Tulikwenda kituo cha afya kwa sababu ya homa. Malaria hakuwa nayo, mkojo ulikuwa safi. Kwa kuwa nilimwambia daktari kwamba mtoto huchoka haraka na jioni hulalamika miguu, akaongeza vipimo vya damu, kikiwamo cha ini.

Homa iliisha baada ya siku tatu. Namba hazikushuka.

“Mama, ini la mtoto lina shida,” niliambiwa. “Tutarudia baada ya wiki mbili.”

Tulirudia baada ya wiki mbili, kisha baada ya mwezi, kisha baada ya miezi mitatu. Tulipita hospitali tatu. Kote tulikopita, mazungumzo yalikuwa ya ini. Ilichukua miezi minane hadi mtu mmoja alipouliza swali ambalo lingeweza kuulizwa wiki ile ya kwanza: hizi namba zinatoka kwenye ini kweli?

Naandika kwa ajili ya mzazi ambaye usiku huu ameshika karatasi kama ile yangu. Huenda mwanao hana ugonjwa alionao wangu, kwa sababu ni ugonjwa wa nadra. Lakini swali lenyewe halina gharama, na jibu lake linaweza kumwepusha mtoto na safari ndefu isiyo na sababu.

Namba zile zinasema nini

ALT na AST ni vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia ndani ya seli za mwili. Makazi yake ni ndani ya seli. Kwenye damu hupatikana kidogo tu. Seli zikiumia, vimeng'enya huvuja, na kipimo cha damu huonyesha vimezidi.

Kwa kuwa ini lina vimeng'enya hivi kwa wingi, watu wamezoea kuviita “vimeng'enya vya ini”. Jina hilo ndilo lililotupoteza. AST imo pia kwenye misuli, kwenye moyo na kwenye chembe nyekundu za damu. ALT nayo imo kwenye misuli, ingawa si kwa wingi kama kwenye ini.

Ni sawa na kukuta maji yametapakaa uani. Unajua kuna bomba limepasuka, lakini hujajua ni la jikoni au la bafuni. Sisi tulichimba jikoni miezi minane.

Tukaanza kutafuta mchawi

Swali la kwanza la daktari lilikuwa zuri na la haki: mtoto amepewa dawa gani, za hospitali, za dukani au za mitishamba?

Nikamkumbuka mama mkwe. Wakati ule alikuwa akiishi nasi, na mwaka uliotangulia nilimkuta akimpa mtoto dawa ya mchango aliyoichemsha mwenyewe. Tulipotoka pale sikungoja hata tufike nyumbani, nilianza kumsema kwenye simu.

“Mwanangu, nilimpa kijiko kimoja, mara mbili tu,” aliniambia. “Ni dawa niliyomlea nayo mumeo.”

Sikumsikiliza. Kwa wiki kadhaa hatukusalimiana vizuri. Kila karatasi mpya ilipotoka na namba ileile, nilikuwa naiweka mezani ili aione. Mwezi wa tatu alifunga mzigo wake, akarudi Korogwe. Mume wangu alimsindikiza stendi, akarudi bila kusema neno.

Kwa upande wa tiba, daktari hakukosea kuuliza. Dawa huumiza ini la mtoto, na mitishamba imo. Hata parasetamo, ambayo wengi tunaiona ya kawaida, ikizidishwa dozi inaweza kuharibu ini kabisa. Baadhi ya dawa za kifua kikuu na za kifafa nazo huhitaji ini lifuatiliwe. Kosa lilikuwa langu mimi: nilichukua swali la daktari nikaligeuza hukumu.

Baada ya hapo ikaja zamu ya homa ya ini. Mtoto alipimwa aina ya B na C, hakuwa nazo. Kadi yake ya kliniki ilionyesha alipata chanjo ya penta wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na ndani ya chanjo hiyo imo kinga ya homa ya ini B. Sisi wazazi na dada yake tukapimwa pia. Wote salama.

Ikafuata zamu ya chakula. Kuna watoto ambao ini lao hujaa mafuta kwa sababu ya uzito mkubwa, na siku hizi tatizo hilo linaongezeka mijini. Lakini mwanangu alikuwa na kilo 15, mwembamba. Hata hivyo nilimwondolea mayai, maziwa, nyama na mafuta. Jirani akaniletea unga wa mlonge. Shoga yangu wa kazini akanielekeza juisi ya bitiruti, kila asubuhi kabla ya chai. Baada ya miezi miwili mtoto alikuwa na kilo 13 na nusu, na ALT ilikuwa 261.

Ultrasaundi ilionyesha ini la ukubwa wa kawaida, halina uvimbe wala mafuta. Bilirubini, ile inayofanya macho yawe ya njano, ilikuwa sawa. Albumini, protini inayotengenezwa na ini, ilikuwa sawa. Na kulikuwa na kimeng'enya kingine kwenye karatasi ileile, GGT, nacho kilikuwa 14, yaani kawaida kabisa.

Leo najua kuwa GGT ndiyo iliyokuwa ikituita. Kimeng'enya hicho kimo kwenye ini, lakini kwenye misuli ya mwili hakimo. ALT na AST zikiwa juu sana huku GGT ikiwa chini, hapo panatakiwa swali. Karatasi ilikuwa nalo tangu mwezi wa pili.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuchukua kipande kidogo cha ini kwa sindano ili kikaangaliwe kwa darubini. Tulipangiwa siku ya Alhamisi. Nilishaomba ruhusa kazini na nilishasaini fomu.

Daktari aliyemtazama mtoto kabla ya karatasi

Jumatatu ya wiki hiyo tuliitwa ili mtoto akaguliwe kabla ya kulazwa. Tulipokewa na daktari wa watoto ambaye hatukuwahi kumwona, mama wa makamo. Faili letu lilikuwa nene. Alilipokea, akaliweka pembeni.

Mwanangu alikuwa ameketi sakafuni akisukuma gari alilotengenezewa na baba yake kwa chupa ya maji na vizibo. Daktari akamwita: “Njoo baba, njoo unionyeshe gari lako.”

Mtoto akainuka kama anavyoinuka siku zote. Kwanza akageuka akapiga magoti na mikono chini. Akanyanyua makalio juu. Kisha akaweka mkono mmoja gotini, na wa pili, akapanda nayo mapajani hatua kwa hatua, kama mtu anayejipanda mwenyewe, hadi akasimama wima.

Nyumbani tulikuwa tunacheka tukimwona hivyo. Tulikuwa tunasema, “Babu anainuka.” Yeye mwenyewe alikuwa anacheka.

Daktari hakucheka. Alimwomba arudie. Kisha akaanza kuniuliza.

Alianza kutembea akiwa na umri gani? Miezi 19. Ngazi anapandaje? Anashika ukuta, anapandisha mguu mmoja, anauvuta wa pili, anapumzika. Anakimbia? Anajitahidi, lakini anaanguka sana, na mwalimu wa chekechea aliwahi kuniandikia kwamba ni mvivu wa michezo. Hutembea kwa kuchuchumia, visigino vikiwa juu? Mara nyingine.

Akamshika vigimbi. Vilikuwa vikubwa na vigumu. Mume wangu alikuwa akijivunia vigimbi hivyo, akisema mtoto amezaliwa na mguu wa mpira.

“Mama,” daktari akasema, “Alhamisi tuiache kwanza. Nataka damu kidogo, kipimo kimoja tu.”

Kipimo hicho kwenye karatasi huandikwa CK. Ni kimeng'enya kingine, chenye makazi makubwa kwenye misuli, na ini halihusiki nacho. Kwa maabara ile, kiwango cha juu cha kawaida kilikuwa chini ya 200. Cha mwanangu kilitoka 14,800.

Sindano ya ini ilifutwa siku hiyohiyo.

Ugonjwa ulipopata jina

Vipimo vya vinasaba vilivyofuata, ambavyo sampuli yake ilipelekwa nje ya nchi, vilithibitisha alichohisi daktari. Mwanangu ana ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli unaoitwa Duchenne, kwa jina la daktari Mfaransa Guillaume Duchenne aliyeueleza kwa kina katika miaka ya 1860. Namna ile ya kuinuka kwa kujipanda mapajani nayo ina jina la daktari, Mwingereza William Gowers, aliyeandika habari zake mwaka 1879. Maana yake ni kwamba dalili niliyokuwa nikiicheka sebuleni kwangu, madaktari wanaijua kwa zaidi ya miaka 140.

Ndani ya misuli kuna protini iitwayo distrofini, ambayo huilinda seli ya msuli isichanike kila inapojikaza na kulegea. Mtoto mwenye Duchenne hana protini hiyo, au anayo kidogo mno. Kwa hiyo kila anapotembea, anapocheza, anapopanda ngazi, seli za misuli huumia na kuvuja. Zinazovuja ndizo zile ALT, AST na CK. Taratibu msuli hufa, na nafasi yake huchukuliwa na mafuta na kovu. Ndiyo sababu kigimbi huonekana kikubwa ilhali hakina nguvu.

Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa kiume, takriban mmoja kati ya 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Hauambukizwi. Hautokani na chakula, wala chanjo, wala kuanguka. Bila matibabu, wengi huacha kutembea kabla ya kufika miaka 13, na baadaye moyo na misuli ya kupumua navyo hudhoofika.

Sitawadanganya wasomaji. Siku nilipoelezwa hayo nilitamani ingekuwa ini.

Mjomba aliyesemwa amerogwa

Daktari aliniuliza kama upande wa mama yangu kuna mwanamume aliyewahi kuwa na tatizo la miguu. Nikasema hapana. Nilipofika nyumbani nikampigia mama simu, nikamweleza mwanzo hadi mwisho. Mama alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekata.

Kisha akasema: “Mdogo wangu alikuwa hivyo.”

Mjomba huyo simkumbuki, alifariki nikiwa mchanga. Nilichowahi kusikia ni kwamba alirogwa kwa sababu ya ugomvi wa shamba. Mama akanieleza siku ile kwamba aliacha kutembea akiwa na miaka 11, akafariki akiwa na 19. Mama mmoja jirani ndiye aliyesingiziwa. Watu waliacha kumsalimia, watoto wakamzomea, mwisho akahama kijiji.

Duchenne hupita kwa mama. Kinasaba chenye hitilafu kipo kwenye kromosomu X. Mwanamke anazo X mbili, kwa hiyo akiwa na moja yenye kasoro, nyingine humsaidia, na mara nyingi hajijui kama anacho. Mwanamume ana X moja tu. Mwanamke mwenye kinasaba hicho, kila anapopata mimba ya mtoto wa kiume, kuna nafasi nusu kwa nusu mtoto kuugua. Mtoto wa kike naye ana nafasi nusu kwa nusu ya kukirithi na kukibeba. Lakini si lazima kuwe na historia katika ukoo: karibu theluthi moja ya watoto wenye Duchenne, hitilafu imeanza kwao wenyewe.

Nilipopima, mimi ninacho. Nimeelezwa kuwa wanawake wenye kinasaba hiki nao wanatakiwa kupimwa moyo mara kwa mara, kwa sababu wachache wao hupata udhaifu wa misuli ya moyo. Wadogo zangu wawili wa kike wamepima: mmoja hana, mmoja anacho. Binti yangu bado ni mdogo. Tumeshauriwa tumwachie aamue mwenyewe atakapokuwa na umri wa kuelewa.

Kwa hiyo kile nilichokitafuta kwa mama mkwe miezi mingi, kilikuwa kimekaa kwenye damu yangu. Daktari alinisisitizia sana jambo hili, nami nalirudia kwa kina mama wenzangu: kubeba kinasaba si kosa. Hakuna aliyekichagua.

Lakini kumsingizia mtu ni kosa. Jumamosi ile nilipanda basi hadi Korogwe. Mama mkwe alinikuta mlangoni na begi. Nilipopiga magoti kumwamkia, machozi yakanitangulia. Akaniinua, akaniuliza kwanza: “Mjukuu wangu amekula?”

Tunaishi vipi sasa

Mwanangu sasa ana miaka sita. Bado anatembea, bado anaanguka, na ameanza darasa la kwanza kwenye chumba cha chini baada ya baba yake kuzungumza na mwalimu mkuu.

Duchenne haijapata dawa ya kuiponya, lakini si kweli kwamba hakuna cha kufanya. Anatumia dawa ya jamii ya steroidi, prednisolone, ambayo kwa watoto wengi huongeza miaka ya kutembea na kulinda kifua na moyo. Ina madhara yake: njaa nyingi, kuongezeka uzito, mifupa kudhoofika, kinga kushuka. Kabla ya kuanza walikagua chanjo zake na kifua kikuu. Tumeonywa kwamba dawa hii haikatishwi ghafla hata siku moja, kwa sababu mwili unaweza kushindwa kabisa.

Kila jioni tunamnyoosha vifundo vya miguu, dakika kumi kila upande, ili visikakamae. Kuogelea na kutembea kidogo kidogo anaruhusiwa. Kuruka-ruka na mazoezi ya kujikamua tunayaepuka, kwa sababu yanachana misuli haraka. Kila mwaka anapimwa moyo hata kama halalamiki.

Kwenye begi lake la shule kuna kadi inayosema ana Duchenne. Akipata ajali au akihitaji upasuaji, daktari wa usingizi ni lazima ajue, maana kuna dawa ya kulegeza misuli iitwayo suxamethonium ambayo kwa mtoto kama yeye inaweza kusimamisha moyo.

Watu hunitumia kwenye simu habari za tiba mpya za vinasaba. Ni kweli zipo. Marekani iliidhinisha moja mwaka 2023, kwa bei inayozidi dola milioni tatu kwa mtoto mmoja. Si uponyaji kamili, na baadaye vilitokea vifo vya wagonjwa vilivyohusishwa na ini kushindwa kufanya kazi. Ninazifuatilia kwa matumaini, lakini siuzi nyumba kwa sababu ya video ya dakika mbili.

Kuna anayeweza kuuliza: kama hakuna tiba ya kuponya, miezi minane imetupotezea nini? Imetupotezea muda wa dawa na mazoezi. Ilimnyima mtoto mayai na maziwa wakati misuli yake ikivihitaji. Ingemchomesha sindano ya ini bure, na huenda dawa ya usingizi isiyomfaa. Na mdogo wangu, yule mwenye kinasaba, alishika mimba katika miezi hiyohiyo bila kujua. Alijifungua salama mtoto wa kike. Lakini angalau angeingia kwenye ujauzito ule akijua.

Mzazi, uliza haya

Kama vipimo vya ini vya mwanao viko juu na sababu haijulikani, usianze na lawama wala juisi. Mwone daktari na uende na haya:

Kwanza, orodha ya kila kitu ambacho mtoto amekunywa miezi ya karibuni: dawa za hospitali, za dukani, mitishamba, virutubisho. Usimfiche daktari, na usikatishe dawa aliyoandikiwa bila kumuuliza.

Pili, uliza kama kipimo kinatakiwa kurudiwa. Namba zinaweza kupanda kwa muda kutokana na homa ya virusi, kisha zikashuka zenyewe. Hata sampuli ambayo chembe zake nyekundu zimepasuka njiani inaweza kupandisha AST.

Tatu, uliza kuhusu homa ya ini B na C, na chukua kadi ya kliniki. Kama mtoto ana uzito mkubwa, uliza kuhusu mafuta kwenye ini.

Nne, uliza: “Daktari, je, inaweza kuwa misuli? CK imepimwa? GGT ikoje?” Hilo ndilo swali letu la miezi minane. Lisisubiri hadi mwisho, hasa kwa mtoto wa kiume.

Tano, kama misuli si tatizo na virusi havipo, uliza kuhusu magonjwa ya nadra ya ini lenyewe. Yapo ya kurithi, kama ugonjwa wa Wilson ambapo madini ya shaba hujikusanya mwilini, na yapo ambayo kinga ya mwili hushambulia ini. Haya yana matibabu, na kuchelewa kunaumiza.

Nyumbani, mtazame mtoto anavyocheza. Mtoto wa kiume ambaye hajatembea hadi miezi 18, anayeanguka mno, anayeshindwa kukimbia au kuruka kama wenzake, anayepanda ngazi kwa kujivuta, mwenye vigimbi vikubwa visivyo na nguvu, au anayejipanda mapajani akiinuka, apimwe CK. Kama huwezi kumweleza daktari, mrekodi kwa simu sekunde thelathini akiinuka kutoka sakafuni. Video hiyo ingetuokolea miezi.

Zipo dalili ambazo hazisubiri miadi: macho au ngozi kuwa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, choo cheupe, tumbo kujaa, kutokwa damu ovyo, kutapika kusikokoma, au mtoto kulala mno na kuchanganyikiwa. Hapo ini lenyewe linaweza kuwa hatarini. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Kalamu nyekundu bado ipo

Wiki tatu zilizopita mwanangu alipata homa. Tulikwenda kituo kilicho karibu, wakapima damu. Kijana wa maabara akatoka na karatasi, uso umembadilika. Alikuwa ameshazungushia namba mbili kwa kalamu nyekundu.

“Mama, ini la mtoto...”

Nikatoa barua ambayo daktari wetu alituandikia tuwe nayo kwenye faili. Inasema kwamba mtoto huyu ana ugonjwa wa misuli, ALT na AST zake zitakuwa juu siku zote, na anayetaka kujua hali ya ini lake apime GGT. Aliisoma mara mbili, akaomba kuipiga picha.

Tuliporudi nyumbani, bibi yake alikuwa ameshatandika mkeka. Alirudi kuishi nasi mwaka jana, na zamu ya kunyoosha miguu ya jioni ni yake. Humshika kisigino, huhesabu polepole kwa Kisambaa, na mjukuu humsahihisha akiruka namba.